Mgeni wa Siku Mbili: Uhakiki wa Safari za Mlo katika Mji wa Bandari

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Walimu wetu huitumia methali hii kufundisha wajibu wa kila mtu kufanya kazi, na matumizi hayo ni sahihi. Hata hivyo, ndani yake mna fundisho jingine ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Methali hii inaugawa ukaaji wa mgeni katika vipindi viwili. Katika siku mbili za kwanza mgeni hula asichokitolea jasho. Huliona sinia, lakini hakioni kinu. Siku ya tatu hutoka pamoja na wenyeji wake kwenda shambani, na hapo ndipo anapoanza kujua kile alichokuwa akila kilitoka wapi, kwa mikono ya nani, na kwa gharama gani.

Safari ya mwisho wa juma ina siku mbili. Kwa kipimo cha wahenga, basi, msafiri wa mwisho wa juma huaga wenyeji wake usiku wa kuamkia siku ya jembe. Ikiwa safari yenyewe ni ya kwenda kula, yaani mtu ametoka kwao kwa nia ya kuonja vyakula vya mji mwingine, tatizo hilo huwa kubwa zaidi, maana kile alichokifuata hakijuliki kwa kuonjwa tu. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki safari za namna hiyo: jinsi zinavyopangwa, kasoro zilizomo katika mipango hiyo, na namna ambavyo walimu na wanafunzi wa shule zetu wanaweza kupanga safari iliyo bora. Mfano tutakaoutumia ni safari ya kutoka Nduruma, katika tambarare zilizo chini ya Mlima Meru, hadi Jiji la Tanga.

Kwa nini Tanga

Tumeichagua Tanga kwa sababu tatu. Kwanza, ni bandari ambayo kaskazini ya nchi yetu imefungamana nayo kwa muda mrefu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Arusha mwaka 1929. Kwa njia hiyo kahawa ya milimani na katani ya tambarare viliteremka hadi baharini, na bidhaa za baharini zikapanda bara. Mtu wa Meru anapokwenda Tanga, kwa hiyo, haendi ugenini kabisa. Anaifuata njia ambayo mazao ya babu zake yaliipita kabla yake.

Pili, Tanga haijaandikwa sana. Unguja na Mombasa zimekwisha kuelezwa na waandishi wengi, wa ndani na wa nje, hata mgeni hufika huko akiwa amekwisha kuambiwa ale nini na asifu nini. Tanga bado inampa mwanafunzi nafasi ya kutumia macho yake mwenyewe.

Tatu, mji huu unabadilika. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na mwaka 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda liliwekwa huko Chongoleani. Wageni wa kila aina wanazidi kuja. Msemo maarufu kuhusu mji huu usemao, "Waja leo, waondoka leo," umekwisha kufasiriwa kwa namna nyingi, baadhi yake za utani. Sisi tunauchukua kwa maana yake ya wazi: kuna watu wanaokuja na kuondoka siku hiyo hiyo. Swali letu ni kwamba, mtu huyo anaondoka na nini, naye anaacha nini?

Fani na maudhui ya mlo

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili, fani na maudhui. Hatuoni sababu ya kuacha kuutumia mtazamo huo katika mlo. Fani ya mlo ni umbo lake: ladha, harufu, rangi, mpangilio wa vyombo na adabu za kula. Maudhui yake ni yale yaliyobebwa na umbo hilo: historia ya watu, kazi yao, na uhusiano wao na ardhi, na bahari, na wao kwa wao.

Tuchukue mfano wa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mlo ambao mgeni wa Tanga hakosi kuusifu. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, yaani kasimile, ni zito, huwekwa kando. Machicha hutiwa maji tena, likapatikana tui jepesi. Tui hilo jepesi ndilo linalotangulia chunguni, nalo kasimile husubiri hadi mwisho. Katika mchuzi mpishi hukoroga taratibu ili tui lisikatike, na katika wali hufunika chungu na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto ukaja kutoka pande mbili. Mgeni hawezi kuyaona haya sahanini. Lakini utaratibu huu ndio unaotofautisha wali uliopikwa na mjuzi na wali uliorowa tui. Ni sanaa yenye kanuni, kama vile utenzi ulivyo na vina na mizani. Anayeisifu bila kuzijua kanuni zake anasifu kwa kubahatisha.

Tukija kwenye maudhui, sahani hiyo hiyo inatueleza mengi. Samaki ametoka baharini, lakini mchele huenda umetoka katika mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, mboga zimeteremshwa kutoka Lushoto, na iliki na pilipili manga zimelimwa katika milima ya Amani, wilayani Muheza. Machungwa yanayoliwa baada ya mlo ni ya Muheza vilevile. Kumbe kile tunachokiita chakula cha pwani kimepikwa pwani, lakini nusu yake imelimwa mlimani. Bandari ni kifundo kinachoziunganisha bahari na bara, na sahani ya mpishi wa bandarini huushuhudia muungano huo kila siku.

Majina nayo yanasema. Chapati, biriani, bajia na kachori zinatukumbusha pepo za kaskazi zilizoleta majahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Halua na kahawa ni vitu vilivyokuja na Waarabu. Lakini asidhani mwanafunzi wa Nduruma kwamba mambo haya yanawahusu watu wa pwani peke yao. Ugali wa mahindi anaoula nyumbani kwao kila siku nao una safari yake. Asili ya mahindi ni Amerika, nayo yaliingia Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Jina lenyewe linaonyesha kwamba watu waliihusisha nafaka hiyo na Bara Hindi. Muhogo pia asili yake ni Amerika, na leo unga wake ndio unaosongwa ugali unaoitwa bada katika vijiji vya Tanga. Anayekwenda bandarini kutafuta chakula kigeni huenda akakuta kwamba chakula cha kwao ndicho kilichotangulia kupita pale.

Kasoro za ratiba zilizozoeleka

Ratiba za safari za mlo zinafanana mno. Siku ya kwanza msafiri hufika, akala samaki wa kuchoma karibu na maji, akapiga picha machweo. Siku ya pili hutembezwa sokoni, akaonja hiki na kile mitaani, akala mlo mkubwa jioni. Siku inayofuata hurudi kwao na orodha ya vyakula alivyovila. Ratiba hizo zina manufaa yake, kwani humsaidia mgeni asipotee na asipunjwe. Lakini tunaziona kuwa na kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba hutaja vyakula bila kuwataja wapishi. Vitumbua, mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, pweza na mishikaki huorodheshwa kana kwamba vimeota vyenyewe pembeni mwa barabara. Katika miji yetu sehemu kubwa ya chakula cha mtaani hupikwa na wanawake, wale tunaowaita mama lishe au mama ntilie, ambao huamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwasha mkaa. Historia yao haikuwa nyepesi. Katika utekelezaji wa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wachuuzi wa namna hii walihesabiwa mara nyingi kuwa ni watu wasio na kazi, wakasumbuliwa na kufukuzwa mijini. Taifa lililokuwa likiutukuza utu wa mfanyakazi halikutambua mara moja kwamba mwanamke anayelisha gati zima la makuli ni mfanyakazi. Leo anaonekana kuwa kivutio kwa wageni. Lakini kutoka kuitwa mzururaji hadi kuitwa kivutio bado hakujamfikisha penye heshima inayomstahili fundi.

Kasoro ya pili ni kwamba ratiba hizo haziijui bahari. Msafiri huandika kwamba Jumamosi usiku atakula pweza, au nguru, au dagaa, kana kwamba bahari ni ghala lililo wazi mwaka mzima. Mvuvi hahesabu hivyo. Yeye huhesabu kwa mwezi na kwa upepo. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, miamba ikabaki wazi, na wanawake na vijana wakaenda kuchokoa pweza. Wakati wa maji mafu kazi hiyo hupungua. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti. Msimu wa kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Msimu wa kaskazi hutulia. Mgeni anayedai samaki yule yule kila siku humlazimisha mchuuzi kumpa samaki wa barafu wa juma lililopita, kisha hulalamika kwamba mji umepoteza ladha yake.

Jambo hili lina upande mzito zaidi. Pwani ya Tanga iliteseka kwa miaka mingi kwa uvuvi wa baruti. Uvuvi huo ulipigwa marufuku kisheria tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo kadha, ukivunja matumbawe ambamo samaki huzaliana, na kuwakata mikono baadhi ya vijana walioufanya. Mlipuko mmoja humpa mvuvi kipato cha siku moja, ukawanyima wenzake riziki ya miaka mingi. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha hifadhi ya bahari katika pwani ya Tanga, iliyopewa jina la samaki wa kale aitwaye silikanti, na katika miaka ya 2010 msako dhidi ya baruti uliongezwa nguvu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mlaji ni sehemu ya historia hiyo. Samaki wa baruti naye aliuzwa sokoni, akakaangwa, akaliwa na watu waliosema kwamba ni mtamu. Anayekula bila kuuliza hawezi kusema kwamba hayamhusu.

Kasoro ya tatu ni ile ya kutafuta uasili kwa kipimo cha mgeni. Msafiri hufika na picha yake ya chakula cha pwani, akakasirika anapomkuta kijana wa Ngamiani akila chipsi mayai, au familia ikila ugali na maharage. Husema kwamba hicho si chakula halisi cha Tanga. Lakini chakula halisi cha mji ni kile ambacho watu wake wanakula, kwa uwezo walio nao, siku hiyo. Nazi ikipanda bei, mpishi hupunguza tui. Huo nao ni ukweli wa mji, na pengine ndio ukweli muhimu kuliko yote. Utamaduni unaowekwa katika kabati la kioo ili mgeni autazame umekwisha kuwa mali ya mgeni.

Ratiba tunayoipendekeza

Uhakiki usiotoa njia nyingine haumfai mwalimu. Kwa hiyo tunapendekeza mpango ufuatao kwa shule ya Nduruma, au ya mahali pengine popote penye hali kama hiyo, inayotaka kuwapeleka wanafunzi wake Tanga kwa mwisho wa juma.

Jambo la kwanza ni kuchagua tarehe kwa mwezi wa angani. Kwa kuwa bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa kuwa dagaa huvuliwa katika giza, mwisho wa juma ulio karibu na mwezi mwandamo ndio unaofaa, maana unayaunganisha mambo yote mawili: pweza wa mchana na dagaa wa usiku. Kati ya Novemba na Machi, wakati wa kaskazi, ndipo bahari inapokuwa tulivu zaidi. Mwalimu atazame pia kama mwandamo huo ndio unaofungua Ramadhani. Ikiwa ni hivyo, aahirishe safari, au akubali kwamba mji utafunga mchana naye atakula futari pamoja nao. Kwa kupanga hivi tu, wanafunzi watakuwa wamekwisha kujifunza kwamba wakati wa mlo haupangwi na mlaji peke yake.

Ijumaa ni siku ya njia. Kutoka Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400, na basi liondokalo alfajiri hufika mchana au alasiri. Tusiihesabu siku hiyo kuwa imepotea. Njia yenyewe ni utangulizi wa kitabu. Wanafunzi watazame jinsi migomba ya Meru na Kilimanjaro inavyowaacha katika ukame wa Same, jinsi mpunga unavyotokea Mombo penye njia panda ya Lushoto, jinsi katani inavyojipanga karibu na Korogwe, na jinsi minazi na michungwa inavyowapokea Muheza. Kila mmoja aandike katika daftari lake mazao anayoyaona na mahali alipoyaona. Kesho yake ataulizwa ni lipi kati ya hayo alilolikuta sahanini.

Jumamosi alfajiri waende Deep Sea, ambako samaki wa usiku hushushwa na kunadiwa. Hapo wasikilize zaidi kuliko kusema. Changu, tasi, kolekole, pono, kibua, nguru, jodari: majina haya ni msamiati wa taifa ambao mwanafunzi wa bara hana nafasi ya kuupata vitabuni. Wajifunze kutofautisha ngalawa na mashua, dema na jarife. Wamwulize mvuvi, kwa adabu na baada ya kumaliza kazi yake, bei aliyouzia yeye, kisha wakamwulize mchuuzi wa soko la Ngamiani bei anayouza yeye. Tofauti ya bei hizo mbili ni somo la uchumi ambalo halihitaji ubao.

Kadiri ya saa nne asubuhi, wakati wa bamvua, maji huwa yamekupwa. Wasimame ufukweni, wasikanyage matumbawe, wawatazame wachokoaji wa pweza wakirudi. Wataona kwamba pweza hupondwa sana kabla ya kupikwa ili alainike. Kazi hiyo huchosha mkono. Naye anayejua hivyo hatamwona muuzaji kuwa ni ghali.

Mchana ndio kiini cha safari. Badala ya kuagiza chakula, shule iwe imekwisha kupatana mapema na mama lishe mmoja au wawili, kwa malipo ya haki, wawafundishe wanafunzi kupika. Tunasisitiza neno malipo. Ujuzi wa mpishi ni ujuzi kama wa seremala, nao usiombwe bure kwa kisingizio cha elimu. Wavulana na wasichana wote wakae juu ya mbuzi, wakune nazi, wakamue tui, wapalie makaa. Watakosea, na tui litakatika. Ukoko utakaoganda chini ya chungu nao ugawanywe, maana katika nyumba nyingi za pwani ukoko hugombewa. Kisha wale pamoja, kwa mkono wa kulia, wakizunguka sinia moja. Wajifunze pia kwamba mtu apitaye penye walaji huambiwa karibu, naye akiwa hana haja hujibu starehe. Neno hilo moja lina adabu nyingi kuliko hotuba.

Jioni ni zamu ya wageni. Hapa ndipo tunapolileta jembe kabla ya siku ya tatu. Wanafunzi wawe wamechukua kutoka Nduruma mahindi yaliyokobolewa, nao wawapikie wenyeji wao loshoro, chakula cha mahindi na maziwa yaliyoganda ambacho Wameru na Waarusha wanakijua vema. Mahindi watakuwa wameyachemsha mapema, kwa kuwa huchelewa kuiva. Maziwa wayapate hapo hapo, kwani Tanga ni mkoa wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kiwanda cha Tanga Fresh kilianzishwa huko katika miaka ya 1990 kwa ubia na ushirika wao. Mwenyeji atakapoonja loshoro na kukunja uso, au akaomba aongezewe, mwanafunzi atajua jinsi mpishi anavyojisikia anapotazamwa na mlaji. Hakuna uhakiki bora kuliko kuhakikiwa.

Usiku wamalizie barazani kwa kahawa chungu na kashata, ikiwa wenyeji wao wameridhia. Jumapili asubuhi wanywe chai kwa maandazi na mbaazi za nazi, washukuru, waondoke.

Pingamizi mbili

Huenda tukaambiwa kwamba mpango huu unaigeuza kazi ya watu kuwa tamasha, yaani mvuvi na mama lishe wanatazamwa kama wanyama wa mbugani. Pingamizi hili ni la haki, nasi watu wa Arusha tunapaswa kulielewa kuliko wengine, kwa sababu tunaishi kando ya njia kuu ya watalii na tunajua jinsi inavyouma kupigwa picha bila kuulizwa. Jibu letu ni kwamba hatari hiyo huondolewa na mambo matatu: idhini, malipo, na zamu. Anayetazamwa awe ameridhia. Anayefundisha awe amelipwa. Na anayetazama awe tayari naye kutazamwa. Ndiyo maana tumeiweka jioni ya loshoro, na shule ikiweza iwaalike wenyeji wake waje Nduruma siku nyingine. Huko wataiona mifereji ya maji ya Mto Nduruma, mashamba madogo ya mahindi na maharage, na karibu yake mashamba makubwa ya maua na mboga zinazosafirishwa kwenda Ulaya. Mtu wa Nduruma anajua maana ya kulima kitakachopamba meza ya mtu asiyemfahamu. Ujuzi huo ndio unaomfanya ndugu wa mvuvi.

Pingamizi la pili ni kwamba tunaiharibu starehe. Kula ni furaha, husemwa, na mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kupumzika bila kufundishwa historia ya muhogo. Hatuipingi furaha. Tunasema tu kwamba furaha ya anayejua ni kubwa kuliko ya asiyejua. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na mji huu tunaouzungumzia, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Hakuna mwalimu anayeamini kwamba mwanafunzi amemsoma Shaaban Robert kwa kuyatazama majalada ya vitabu vyake na kuyasifu rangi. Vilevile hatuna budi kukataa kwamba mtu ameujua mlo wa Tanga kwa kuupitisha kinywani mara mbili na kuondoka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mlo ni kazi ya sanaa yenye fani na maudhui, na kwamba ratiba zilizozoeleka humpa msafiri fani peke yake. Humficha mpishi, huisahau bahari, na humdai mwenyeji afanane na picha ya mgeni. Tumependekeza ratiba inayoanzia kwenye mwandamo wa mwezi, ikapita sokoni na jikoni, na kumfikisha mgeni mahali pa kupika kwa zamu yake.

Siku mbili zitabaki kuwa siku mbili. Shule hazina fedha wala muda wa kukaa zaidi. Lakini wahenga hawakukataza jembe litolewe mapema. Tungependa walimu watakaoipanga safari kama hii waanze kwa swali dogo darasani: kila mwanafunzi aandike majina ya watu ambao kazi yao imo katika chakula alichokula jana, tangu aliyepanda hadi aliyekoroga. Wengi wataishia kwenye jina la pili. Atakaporudi kutoka Tanga aulizwe tena swali hilo hilo, na mwalimu ahesabu majina yameongezeka kwa kiasi gani.